Mashine Iliyoganda Ikipumzika

Watu wa jengo lile walimwita Kimya, na jina likamkaa. Kwanza ni kwa sababu kompyuta zilizopita mikononi mwake zilirudi kwa wenyewe bila kelele za feni. Pili, mwenyewe alikuwa hivyohivyo: unaweza kukaa naye kutwa ukaondoka na maneno matatu, na mojawapo ni "karibu". Duka lake lilikuwa chini kabisa, mwisho wa ujia, baada ya mshona viatu na kabla ya choo. Mahali pabaya kwa biashara, sikatai, ila wenye shida walimfuata hukohuko, maana kwa kazi ya kushusha volti hapakuwa na fundi mwingine wa kuaminika.

Tuelezane kidogo hapa, bila hili hatutaelewana mbele. Prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa umeme zaidi kidogo ya inavyohitaji. Wanaiwekea akiba, kwa hofu tu. Akiba hiyo ndiyo inayogeuka joto, na joto ndilo linaloita feni. Sasa katika zile kompyuta mpakato nyembamba, zenye prosesa ndogo za kula umeme kidogo, feni nayo ni ndogo kama kifuniko cha chupa, na ikianza kuhangaika utadhani nyuki kakuingia sikioni. Kimya alichofanya ni kupunguza volti hatua kwa hatua mpaka mashine igome, kisha anarudi nyuma hatua moja. Halafu anaipa kazi nzito, mahesabu na filamu kwa pamoja, inafanya kazi mpaka inachoka yenyewe. Ikistahimili, imepona, mwenyewe aje achukue. Hivyo alivyofundishwa ndivyo alivyofanya miaka yote, na hapo ndipo palipokuwa na kosa lake, lakini tusiende mbio.

Nyuma ya duka, upande wa pili wa pazia, ndiko alikoishi. Kitanda, jiko la umeme la sahani moja, msumari wa kutundikia shati, vikombe viwili. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na kikombe cha pili kilikuwa chake. Binti yao ameolewa mbali, hupiga simu akikumbuka, na kukumbuka kwenyewe ni kwa nadra. Siku za kazi Kimya hakuwa na neno. Mikono ikiwa na kitu cha kushika, hata kichwa hutulia. Jumapili ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Alifunga duka kama watu wengine, akafua mashati yake, akayaanika, kisha akakaa kitandani mikono iko magotini, akiangalia pazia. Kufika mchana keshafungua tena, eti anapanga skrubu. Mshona viatu, ambaye Jumapili huja kuchukua redio yake tu, alimkuta hivyo mara nyingi akawa anatikisa kichwa.

"Hizo skrubu zako zingekuwa na mdomo," alimwambia siku moja, "zingekuomba uziache zipumzike."

Sasa siku moja akaingia mama mmoja mnene wa wastani, ushungi umefungwa kwa haraka, kakumbatia kompyuta kifuani kama aliyebeba mtoto. Na ndivyo alivyozoea kubeba, maana alikuwa mkunga. Alishastaafu, ila nusu ya watu wa mtaa ule yeye ndiye aliyewapokea duniani, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Aliiweka mashine mezani, akakaa bila kuambiwa akae, akaanza.

"Fundi, hii kitu inanipigia kelele. Mwanangu akipiga simu, yeye anaongea, feni nayo inaongea, mimi simsikii hata mmoja."

Mwanawe, akaeleza, yuko na kampuni ya kuchimba visima, jangwani huko, kambi baada ya kambi. Simu ya mkononi haishiki. Wanapopita kwenye kituo kikuu ndipo wanapata intaneti, wanapiga kwa zamu, na siku yenyewe hawaijui mpaka ifike. Kompyuta aliinunua yeye mwenyewe kabla hajaondoka, akampangia mama kila kitu, akamwambia aiache wazi tu, itaita. Simu ya Mkunga ilikuwa ya vitufe, na macho yake hayakuwa ya kuangalia vioo vidogo.

"Na mwezi huu ndio mwisho," Mkunga akasema. "Wakitoka kituoni safari hii wanakwenda ndani kabisa. Mpaka mwaka uishe hakuna simu. Kabla ya mwisho wa mwezi atanipigia, kaniambia. Siku gani, hajui. Kwa hiyo naiwasha asubuhi nakaa nayo hivi, tunaangaliana."

Kimya alisema, "Itanyamaza, dada."

Na ikanyamaza kweli. Aliishusha volti, akaipa kazi nzito tangu asubuhi mpaka adhuhuri, haikuyumba. Mkunga alipokuja kuichukua aliinama akaweka sikio juu ya vitufe, vile anavyosikiliza tumbo la mama mjamzito, kisha akacheka. Kimya naye akacheka, na hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini.

Baada ya siku mbili Mkunga karudi. Mashine imeganda. Aliiacha wazi mezani, akaenda jikoni kukosha vyombo, kurudi picha imesimama, ukigusa haijibu, mpaka ubonyeze kitufe izime. Kimya akaiunganisha, akaipa kazi, ikafanya kazi kama punda. Akaipa tena. Haina neno. Akamtazama Mkunga kwa jicho la fundi anayedhani mteja kabonyeza asichokijua.

"Usinitazame hivyo," Mkunga akasema. "Sikuigusa hata kidogo."

Na huo ndio uliokuwa ukweli wenyewe, kaupewa mkononi hakuuona. Hakuigusa! Lakini Kimya akilini mwake mashine hufa kwa kuchoka, haifi kwa kukaa. Akaisafisha feni ambayo haikuwa na vumbi, akabadilisha grisi ya juu ya prosesa, akairudisha. Ikaganda tena. Ikaletwa tena.

Basi Mkunga akawa wa kuja. Anakaa, anangoja mashine ijaribiwe, na kwa kuwa hawezi kukaa na mdomo umefungwa, anapiga soga. Alimsimulia mapacha waliogombea kutoka, na baba mmoja aliyezimia mlangoni wakamwacha alale hapohapo mpaka mtoto apatikane. Siku ya kwanza Kimya alijibu "eh". Siku ya pili akauliza swali. Siku ya tatu alikuwa anasimulia yeye, habari za mkewe, jinsi alivyokuwa akizipa majina kompyuta za wateja kufuatana na makosa yao: Mlevi, Bi Usingizi, Mzee wa Hasira. Mkunga alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya ushungi. Siku hiyo akaacha kumwita fundi, akamwita kaka. Kimya akamtilia chai kwenye kile kikombe cha pili. Aliosha kikombe kile baadaye kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Akanunua mto wa kiti. Mshona viatu aliuona ukipita, akanyoosha shingo.

"Mto huo ni wa kompyuta?"

"Ni wa wateja."

"Wateja," mshona viatu akarudia, huku akijifanya anatafuta uzi. "Na nywele umezichana kwa ajili ya wateja haohao?"

Kimya aliingia ndani, akauweka mto kitini.

Ukweli, kosa lilijitokeza lenyewe. Mwezi ulikuwa umekwisha kusogea, Mkunga ana wasiwasi waziwazi, akaiacha mashine pale kwa siku mbili ili ichunguzwe vizuri. Asubuhi Kimya kaiwasha, kabla hajaipa kazi yoyote, mshona viatu akamwita amshikie kabati la viatu linalotaka kuanguka. Wakalishika, wakalitoa viatu, wakaligeuza, wakaligombania na mlango. Kurudi dukani, Kimya alitazama skrini. Saa ya ukutani ilikuwa karibu na saa nne. Saa ya kwenye kompyuta ilikuwa bado saa tatu, dakika zake zimesimama. Mashine imeganda, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Alikaa kwenye kiti chenye mto, taratibu. Ndipo alipoona, na alijiona mjinga. Prosesa ikiwa kazini hupewa umeme mwingi. Ukipunguza kidogo, haishtuki. Ikiwa imekaa, haina la kufanya, hushusha umeme wake yenyewe mpaka unabaki tone tu la kuiweka macho. Na yeye alikuwa amepunguza kiasi kilekile kote kuwili, kwenye wingi na kwenye tone. Kazini ilikuwa nzima. Ikipumzika, inazimia. Miaka yote ile alizijaribu mashine za watu kwa kuzichosha, hakuwahi hata moja kuiacha ikae, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kukaa na kitu kisichofanya kazi. Na hii mashine ya Mkunga kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa na kungoja.

Dawa yake haikuchukua muda hata wa chai kupoa. Akairudishia volti kidogo, akaiacha wazi. Adhuhuri, bado iko hai. Alasiri, saa yake inatembea sawa na ya ukutani. Jioni, vilevile. Feni ilisikika kwa mbali mara mojamoja, kapumzi tu. Imepona.

Kesho yake asubuhi Mkunga akaingia, hata hajakaa vizuri.

"Eh, kaka. Tayari?"

Hapa ndipo ningependa kumtetea, na siwezi. Neno lilikuwa mdomoni mwake. Tayari, dada, chukua. Angelisema, Mkunga angesimama, angeikumbatia kifuani, angetoka, na hangekuwa na sababu ya kurudi tena pale ujiani, kuvumilia harufu ya choo, kuja kukaa kwenye kiti cha fundi. Kimya aliutazama mto. Akasikia sauti yake mwenyewe.

"Bado kidogo. Nataka niione kwa siku moja zaidi."

"Mwezi unakwisha, lakini."

"Kesho, bila wasiwasi. Na hapa iko wazi, intaneti ninayo. Akipiga ukiwa hapa, utaongea naye hapahapa."

Mkunga akakubali, shingo upande. Akakaa. Na lazima niseme, ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote. Alimweleza mambo ambayo hakuwaeleza watu: kwamba tangu mtoto aondoke anapika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu anakula mara mbili ili kisimsute, kwamba watoto wote aliowapokea wakimwona njiani wanamwamkia, wanapita, na ni haki yao, ila hurudi nyumbani akafungua mlango na nyumba haimwamkii. Kimya alimsikiliza. Alitaka kusema na mimi pia, dada. Alisema, "Nikuongezee chai?" Mchana ulipokaribia Mkunga akasimama, kuna mzazi mpya nyumba ya tatu kutoka kwake, mtoto wa kuogeshwa.

Robo saa haijapita, nadhani, kompyuta ikaita.

Kimya aliruka. Aliitazama ikiita, picha ya kijana imejaa skrini. Alikimbia mpaka mlango wa jengo, akatazama huku na huku barabarani. Ushungi ule haupo. "Mkimbilie Mkunga!" akamwambia mshona viatu, na mshona viatu, kwa mara ya kwanza bila mzaha, alitupa kiatu akatoka mbio na aproni yake. Kimya akarudi. Ilikuwa bado inaita. Akapokea.

Uso wa kijana ulitokea, vumbi mpaka kwenye kope, kitambaa shingoni, na nyuma yake watu wanapakia magari. Ulikuwa unatabasamu, tabasamu lililoandaliwa mtu mwingine. Likakatika.

"Samahani. Wewe nani? Mama yuko wapi?"

"Mzima, mwanangu, mzima kabisa. Mimi fundi. Ametoka sasa hivi tu. Ngoja nimpigie."

Akampigia kwa simu yake ya mkononi. Iliita, ikaita, ikakatika. Mikono ya Mkunga ilikuwa majini, na simu yake ndani ya mkoba, juu ya kitanda cha mzazi. Akapiga tena. Kule jangwani mtu alipiga honi.

"Wananiita," kijana akasema. "Gari letu ndilo la kwanza."

"Ngoja kidogo tu, kuna mtu kamfuata."

Walingoja wote wawili, wanatazamana, hawajuani. Kimya alisogea pembeni ya kiti, kama vile akimpisha mtu apite akae. Hakuna aliyekuja. Honi ikapigwa tena, ndefu.

"Nipe maneno," Kimya akasema. "Nitamfikishia yote, neno kwa neno."

Kijana alifikiri.

"Sina neno, mzee wangu. Nilitaka nimwone tu." Akajipangusa uso kwa kile kitambaa, vumbi likahama kutoka shavu moja kwenda la pili. "Asante kwa kututengenezea. Safari hii inasikika vizuri. Haina kelele."

Picha ikaondoka.

Mshona viatu alirudi anahema, mikono mitupu. Alimtazama Kimya, akatazama skrini, akaondoka kwenda kukiokota kiatu chake.

Kimya aliifunga mashine, akaishika kwa mikono miwili, akafuata njia aliyoelekezwa na watu. Njiani alitunga uongo wa kila namna, na mmoja ulikuwa mzuri sana: imepona dakika ileile, na simu ikaingia papo hapo, bahati mbaya tu. Mkunga angeuamini. Alipogonga, Mkunga alifungua mikono ikinukia sabuni ya mtoto, akaona mashine, uso ukamchanua.

"Umeniletea mwenyewe, kaka!"

"Mwanao amepiga, dada."

Uso ulibaki umechanua kidogo, kama haujapata habari. Kimya akasema yote, palepale kizingitini, honi, vumbi, magari. Akasema na yale maneno ambayo hayakuwa maneno. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amezoea kupokea habari mlangoni, na hakulia.

"Ilipona lini?" akauliza.

Uongo ule mzuri ulikuwa tayari. "Jana," Kimya akasema. "Jana kabla ya mchana."

"Na leo asubuhi nilipokuja?"

"Ilikuwa nzima."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka uje tena."

Mkunga alimtazama. Nyuma yake ilionekana meza, kitambaa cheupe kimetandikwa, na nafasi ya mraba katikati pale inapokaa kompyuta, na kiti kimoja kimeielekea.

"Ungesema tu njoo," akasema. "Ningekuja hata bila mashine. Mimi humu ndani nakaa na nani?"

Akaipokea, akaipakata kifuani.

"Asante, fundi."

Akafunga mlango polepole, wala hakuubamiza. Kimya alisimama pale. Alisikia kiti kikivutwa, kisha ule mlio mfupi wa mashine inapowaka, kisha kimya. Alijua anafanya nini mle ndani. Ameiacha wazi, anangoja, labda gari limeharibika, labda wamesahau kitu wakarudi kituoni. Na alijua haitaganda tena.

Siku zikapita. Mto ulikaa kwenye kiti, ukashika vumbi, akaupangusa, ukashika tena. Mshona viatu alivumilia akashindwa.

"Mteja wako vipi?"

"Mashine yake imepona."

"Basi tena," mshona viatu akasema, akavuta uzi, na hakutania.

Tangu hapo Kimya ana utaratibu mwingine, na wateja wa haraka wanamlalamikia. Kompyuta akishaishusha volti, haishii tena kuipa kazi nzito tu. Anaiacha wazi mezani, tupu, kutwa nzima, wala haigusi. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kuulizia ya kwake mchana aliikuta hivyo, na Kimya amekaa mbele yake mikono iko magotini.

"Inafanya nini, fundi?"

"Imepumzika."

"Na wewe?"

"Naiangalia kama itaweza," Kimya akasema, akamwonyesha kiti chenye mto. "Kaa kidogo, kama huna haraka."

Mwanafunzi alisema ana haraka, angepita kesho.